Kelele, biti na makosa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miaka ya mwanzo ya nadharia ya taarifa

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi, kwa mafundi wa simu, na kwa watu waliotaka tu kujua kwa nini picha ya QR iliyochanika pembeni bado inasomeka. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine, kwa sababu mambo yenyewe hayalingani uzito.

Nadharia ya taarifa inashughulika na nini hasa?

Na swali moja: mtu wa huku akitaka kumfikishia ujumbe mtu wa kule, na njia iliyopo kati yao ina kelele, ujumbe utafikaje ukiwa salama, na kwa haraka kiasi gani? Njia inaweza kuwa waya, hewa, utepe, au karatasi iliyochapwa. Kelele hapa si makelele ya sokoni peke yake. Ni chochote kinachoweza kubadilisha kilichotumwa: radi kwenye redio, mkwaruzo kwenye diski, kidole kilichobonyeza 7 badala ya 4.

Tunaligusa jambo hili kila siku. Unamsomea mtu namba ya simu ukiwa ndani ya daladala, naye anakurudishia tarakimu moja moja kabla ya kutuma pesa. Kisha simu yake inamwonyesha jina la mpokeaji, anakuuliza, "Ni Asha, sivyo?" Kurudia namba ni ulinzi wa kwanza, jina ni wa pili. Mimi mwenyewe niliwahi kubonyeza "thibitisha" bila kulisoma jina, na fedha ya karo ikaenda kwa mtu nisiyemjua. Ulinzi ulikuwepo, sikuutumia.

Kazi hii ilianza lini? Si yote ni ya Claude Shannon?

Shannon ndiye aliyejenga nyumba, lakini mawe yalishachongwa. Harry Nyquist, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya AT&T, alichapisha mwaka 1924 uchambuzi wa kasi ya telegrafu na mambo yanayoizuia. Mwaka 1928 Ralph Hartley wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni hiyohiyo ya simu, akapiga hatua nyingine: akasema kiasi cha taarifa kipimwe kwa logi ya idadi ya jumbe ambazo zingeweza kutumwa. Huko Urusi, Vladimir Kotelnikov alionyesha mwaka 1933 kwamba wimbi lenye upeo maalumu wa masafa linaweza kurudishwa lote kutokana na vipimo vilivyochukuliwa kwa vipindi sawa.

Na kabla ya wanahisabati kulikuwa na wafanyabiashara. Kebo ya telegrafu ya chini ya bahari ilifika Zanzibar mwaka 1879, ikitoka Aden na kuendelea kusini hadi Durban. Telegramu zililipiwa kwa neno, kwa hiyo makampuni yalitumia vitabu vya misimbo ambamo neno moja la kubuni lilibeba sentensi nzima ya biashara. Hatari yake ilikuwa wazi: herufi moja ikipotoshwa njiani, "nunua" inaweza kugeuka "uza". Watunzi wa vitabu hivyo wakajifunza kuchagua maneno ya herufi tano ambayo yoyote mawili yalitofautiana kwa herufi mbili au zaidi. Herufi moja ikiharibika, neno lililopatikana halimo kitabuni, na mpokeaji anajua kuna kosa. Wengine waliweka na jedwali la kusaidia kukisia neno la asili. Wazo la umbali kati ya neno na neno, ambalo ndilo moyo wa misimbo yote iliyofuata, lilikuwa tayari mikononi mwa makarani.

Shannon alifanya nini basi mwaka 1948?

Claude Shannon alizaliwa Michigan, Marekani, mwaka 1916. Akiwa kijana katika chuo kikuu cha MIT aliandika tasnifu ya uzamili, mwaka 1937, iliyoonyesha kwamba saketi za swichi na rilei (swichi zinazofunguliwa na kufungwa kwa umeme) hufuata aljebra ya George Boole, yaani hisabati ya kweli na si kweli. Hiyo peke yake ingetosha kumpa jina. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alikuwa Bell Labs akishughulikia usimbaji wa siri na mitambo ya kulenga mizinga. Kisha katika jarida la kiufundi la kampuni, toleo la Julai na la Oktoba 1948, akatoa makala yake ya nadharia ya kihisabati ya mawasiliano.

Makala hiyo ilifanya mambo matatu kwa mpigo. Ilitoa kipimo cha taarifa, yaani entropia. Ilionyesha ujumbe unaweza kubanwa hadi wapi bila kupoteza chochote. Na ikathibitisha kwamba kila njia yenye kelele ina kikomo cha kasi, na kwamba chini ya kikomo hicho makosa yanaweza kupunguzwa kadiri upendavyo.

Hili la tatu ndilo lililowashangaza wahandisi. Imani ya wakati ule ilikuwa kwamba ukitaka makosa machache lazima upunguze kasi, na ukitaka makosa karibu na sifuri lazima kasi nayo ikaribie sifuri. Shannon akasema hapana. Baki chini ya kikomo, geuza ujumbe kuwa msimbo kwa mafungu marefu na kwa ustadi, na unaweza kupata usafi wote unaoutaka bila kuendelea kushusha kasi.

Tatizo likawa moja: alithibitisha kwamba misimbo mizuri ipo, hakuonyesha jinsi ya kuitengeneza. Hoja yake ilitumia misimbo iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, akionyesha kwamba kwa wastani hiyo inafaa, kwa hiyo angalau mmoja lazima ufae. Ni kama kuthibitishiwa kwamba kisima kipo shambani bila kuambiwa uchimbe wapi. Uchimbaji ulichukua zaidi ya miaka arobaini.

Biti ni nini?

Ni jibu la swali moja la ndiyo au hapana, pale ambapo majibu yote mawili yana nafasi sawa. Bao la kete lina mashimo 32. Nikificha kitu katika shimo moja, unaweza kulipata kwa maswali matano tu, ukiuliza vizuri: liko upande wangu au wako? Safu ya mbele au ya nyuma? Nusu ya kulia au ya kushoto? Kila swali linakata mashimo yaliyobaki nusu kwa nusu: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Kwa hiyo kujua shimo ni kupata biti 5. Neno lenyewe alilipendekeza mwanatakwimu John Tukey, na Shannon alimtaja katika makala ya 1948.

Kama mashimo hayana nafasi sawa, kwa mfano unajua mimi hupenda kuficha kichwani mwa safu, basi kwa wastani utahitaji maswali pungufu. Wastani huo ndio unaopimwa na entropia.

Mbona wanasema Shannon hakujali maana?

Hakuidharau maana. Aliiweka kando ili kazi iwezekane. Fundi anayejenga mtambo wa kupeleka jumbe hajui kama utabeba salamu za rambirambi au bei ya karafuu, na mtambo lazima ufanye kazi kwa vyote. Kwa mtambo, kilicho muhimu ni kwamba ujumbe huu umechaguliwa kati ya jumbe ngapi ambazo zingewezekana.

"Ziada" ni kitu gani, na Kiswahili kina ziada?

Ziada ni sehemu ya ujumbe ambayo ungeweza kuikisia hata kama haikufika. Shannon aliipima kwa Kiingereza, na katika utafiti wa 1951, kwa kuwapa watu kazi ya kukisia herufi inayofuata, akakadiria kwamba herufi ya Kiingereza katika maandishi marefu hubeba takriban biti moja tu, wakati herufi 26 zenye nafasi sawa zingebeba karibu biti 4.7.

Kiswahili kimejaa ziada, na ya aina ya kupendeza. Tazama: "Vitabu vyangu vizuri viwili vimepotea." Alama ya ngeli imerudiwa mara tano. Simu ikikatakata ukasikia "...tabu vyangu ...zuri ...wili vimepotea", huna shida, kwa kuwa "vyangu" na "vimepotea" zimeshakuambia kwamba ni vitabu. Upatanisho wa kisarufi unaomsumbua mgeni anayejifunza ndio unaomwokoa msikilizaji kwenye kelele. Vijana wanaoandika "cjui" na "2po" kwenye meseji nao wanaifahamu ziada kwa vitendo, maana wanaing'oa wakijua msomaji ataijaza mwenyewe.

Washairi wa pwani wanaifahamu zaidi. Utenzi una mizani nane kila kipande, na kina mahali pake. Chukua kipande hiki: "Bahari imechafuka". Hesabu: ba-ha-ri-i-me-cha-fu-ka, mizani nane. Mnakili akiruka silabi moja akaandika "Bahari imefuka", maneno yote ni Kiswahili halali na kina cha "ka" kipo palepale. Lakini mizani ni saba. Msomaji anajua papo hapo kwamba kuna kilichoanguka, ingawa mizani peke yake haimwambii ni wapi. Huo ndio ukaguzi wa pariti kwa umbo lake hasa: unagundua kosa, hauonyeshi mahali pake.

Kuna uhusiano gani na ngoma za Kongo?

Uhusiano wa kweli kabisa, na naona unastahili kufundishwa kwanza madarasani kwetu. Katika eneo la Yakusu, karibu na Kisangani, Walokele walipeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji kwa ngoma ya gogo yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Lugha yao ni ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno, na ngoma hubeba toni tu: konsonanti na irabu zote hupotea. Sasa "songe" (mwezi) na "koko" (kuku) zote zina toni mbili za juu. Kwenye ngoma ni kitu kimoja.

John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi huko na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1949, alieleza dawa waliyoibuni. Mpiga ngoma hapigi "mwezi". Hupiga kifungu kizima chenye maana ya "mwezi unaotazama chini duniani", na kwa kuku hupiga "kuku, kadogo kanakosema kiokio". Toni za kifungu kirefu hazifanani, na utata unakwisha. Wageni waliposikia urefu huo walidhani ni mapambo ya usemi. Ilikuwa ziada iliyopangwa, kanuni ileile aliyokuwa akiitolea hisabati Shannon miaka hiyohiyo.

Kelele haiwezi kuondolewa tu?

Haiwezi. Mwaka 1928, John B. Johnson wa Bell Labs alichapisha vipimo vya kelele inayotoka ndani ya kipitishi cha umeme chenyewe kwa sababu ya joto, na Nyquist akaieleza kwa hisabati. Elektroni hazitulii maadamu kuna joto. Unaweza kupunguza, huwezi kumaliza.

Shannon aliifunga hali hii katika fomula moja: uwezo wa njia ni upana wa masafa mara logi, kwa kizio cha mbili, ya moja jumlisha uwiano wa nguvu ya ishara na nguvu ya kelele. Chukua laini ya simu ya zamani yenye upana wa hezi 3,000 na ishara iliyo na nguvu mara 1,000 ya kelele. Jibu ni karibu biti 30,000 kwa sekunde. Modemu za analojia za miaka ya 1990 ziliishia 33,600 kwa laini nzuri.

Hamming aliingiaje?

Kwa hasira ya Jumatatu asubuhi. Richard Hamming alijiunga na Bell Labs mwaka 1946 baada ya kufanya kazi Los Alamos, maabara ya bomu la atomiki, wakati wa vita. Alikuwa akitumia kompyuta ya rilei, na kwa kuwa yeye hakuwa na kipaumbele, kazi zake zilipangiwa mwisho wa wiki, mtambo ukijiendesha bila mtu. Mtambo huo uliweza kujua rilei ikikosea. Siku za kazi ungesimama na fundi angekuja kurekebisha. Mwisho wa wiki hapakuwa na fundi, kwa hiyo uliiacha kazi yenye kosa na kushika nyingine. Wiki mbili mfululizo Hamming alifika na kukuta hakuna kilichofanyika. Akajiuliza: kama mashine inaweza kujua kwamba kuna kosa, kwa nini isijue liko wapi na kulirekebisha yenyewe?

Swali hilo lilizaa msimbo wake. Shannon aliutaja katika makala ya 1948, lakini makala ya Hamming mwenyewe ilitoka Aprili 1950, ikicheleweshwa na mambo ya hataza.

Naomba nionyeshwe unavyofanya kazi, kwa mkono.

Chukua kalamu. Una biti nne za ujumbe: 1, 0, 1, 1. Andaa nafasi saba. Nafasi ya 1, 2 na 4 ni za walinzi. Ujumbe unakaa nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Kila mlinzi ana kundi lake, na kazi yake ni kuhakikisha idadi ya moja katika kundi ni shufwa.

Mlinzi wa 1 anaangalia nafasi 1, 3, 5, 7. Mlinzi wa 2 anaangalia 2, 3, 6, 7. Mlinzi wa 4 anaangalia 4, 5, 6, 7.

Ukijaza utapata 0 1 1 0 0 1 1. Tuma. Tuseme kelele imegeuza nafasi ya 6, ikafika 0 1 1 0 0 0 1. Mpokeaji anakagua. Kundi la mlinzi wa 1 lina 0, 1, 0, 1: shufwa, sawa. Kundi la mlinzi wa 2 lina 1, 1, 0, 1: witiri, analalamika. Kundi la mlinzi wa 4 lina 0, 0, 0, 1: witiri, analalamika. Jumlisha namba za waliolalamika: 2 na 4 ni 6. Kosa liko nafasi ya 6. Igeuze, umemaliza.

Niliposhuhudia jumla hiyo ikitoa jibu kwa mara ya kwanza niliirudia kwa nafasi zote saba, nikidhani kuna mahali itashindwa. Haishindwi, hata kosa likimwangukia mlinzi mwenyewe, kwani hapo analalamika peke yake. Kwa kurudia kila biti mara tatu ungetumia biti 12. Hamming anatumia 7.

Makosa yakiwa mawili?

Msimbo huo unadanganyika: unarekebisha mahali pasipostahili. Ukiongeza mlinzi wa nane anayeangalia nafasi zote, utaweza kurekebisha kosa moja na kutambua mawili. Marcel Golay, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi katika kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, alichapisha mwaka 1949, kabla ya makala ya Hamming, ukurasa mmoja tu wenye msimbo wa biti 23 zinazobeba 12 na kurekebisha makosa yoyote matatu. Kwa uzito wa kilichomo, sijui ukurasa mwingine wa fani hii ninaoupenda zaidi.

Utambuzi wa ishara unaingia wapi?

Kwenye rada. Hapo tatizo halikuwa kusoma ujumbe bali kuamua: kilichotokea kwenye skrini ni ndege au kelele tu? Mfikirie mlinzi wa usiku anayesikia mchakacho uzioni. Akitoka kila mara, atachosha watu kwa yowe la bure. Akisubiri hadi awe na hakika, mwizi atakuwa ameshaingia. Hawezi kupunguza makosa yote mawili kwa kusogeza kizingiti tu, yaani kiwango cha mchakacho kinachomtoa nje, kwani akipunguza moja anaongeza lingine. Kinachoyapunguza yote mawili ni kusikia vizuri zaidi.

Jerzy Neyman na Egon Pearson walishatoa kanuni mwaka 1933: amua kwanza ni yowe ngapi za bure utazivumilia, kisha tafuta uamuzi unaokosa wezi wachache iwezekanavyo. D. O. North wa kampuni ya redio ya RCA alionyesha mwaka 1943 kichujio bora cha kutafuta mpigo wenye umbo linalojulikana ndani ya kelele. Na mwaka 1954 Peterson, Birdsall na Fox wa Chuo Kikuu cha Michigan wakaiweka nadharia yote pamoja, wakiwa na ule mchoro unaoonyesha kugundua kwa kweli dhidi ya yowe la bure kila kizingiti kinaposogezwa. Leo mchoro huohuo hutumika kupima ubora wa vipimo vya hospitali.

Mwanadamu naye alipimwa. Norman Mackworth, huko Cambridge, aliwaweka watu mbele ya mshale uliopiga hatua kama wa saa, na mara chache uliruka hatua mbili. Kazi ilikuwa kuripoti mruko. Umakini ulishuka baada ya nusu saa ya kwanza tu, habari iliyokuwa nzito kwa waliokaa kwenye rada kutwa.

Misimbo hii ilithibitika wapi kwanza mbele ya dunia?

Angani. Mariner 9 ilianza kuizunguka Mirihi Novemba 1971, chombo cha kwanza kuizunguka sayari nyingine. Taarifa za picha zilikatwa mafungu ya biti 6, na kila biti 6 zilitumwa kama biti 32 kwa msimbo wa Reed na Muller wa 1954. Hata biti 7 kati ya 32 zikigeuzwa, fungu lilirudi sahihi. Voyager zilituma picha za rangi za Mshtarii na Zohali kwa msimbo wa Golay, na Voyager 2 ilipofika Uranus mwaka 1986 ilitumia msimbo wa Irving Reed na Gustave Solomon, uliochapishwa mwaka 1960 kwa kurasa tano.

Huo wa Reed na Solomon ndio uliomo kwenye CD na kwenye picha ya QR iliyobandikwa kaunta ya duka. QR ya kiwango cha juu huvumilia takriban asilimia 30 ya uharibifu.

Kwa nini ilichukua muda mrefu kukifikia kikomo cha Shannon?

Mashine hazikuwa na nguvu. Robert Gallager wa MIT alibuni katika tasnifu yake ya mwaka 1960 misimbo yenye walinzi wengi ambao kila mmoja anaangalia biti chache tu. Ilikuwa mizuri mno, lakini kompyuta za wakati ule hazikuweza kuifumbua kwa kasi, ikakaa kabatini. Mwaka 1993 Claude Berrou na wenzake kutoka Ufaransa walitangaza misimbo ya "turbo" iliyofika karibu kabisa na kikomo, na watu wakarudi kuichimbua ya Gallager. Leo iko ndani ya simu za 5G.

Nina zoezi la kujipima?

Umepokea 0 1 1 0 1 0 1, na kelele imegeuza biti isiyozidi moja. Waulize walinzi wa 1, 2 na 4. Ukipata nafasi ya 3, na ujumbe wa asili 0, 1, 0, 1, umefika. Kisha mpe mwenzako aharibu biti nyingine bila kukuambia ni ipi.